Mafundi matairi, nani aliwaambia nati inakazwa mpaka stadi ikatike?

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyo hivyo.

Nilikuwa nabadilisha pedi za breki nyumbani, kazi ya mtu yeyote mwenye jeki, stendi na spana zake. Nati za kwanza zikalegea kwa tabu. Moja ikagoma. Nikaipulizia mafuta ya kulegeza kutu, nikaipa muda, nikaongeza bomba kwenye mkono wa spana, pap! Nati mkononi na kipande cha stadi (ule msumari wenye uzi unaoshika nati ya gurudumu) ndani yake. Na kabla hujaja kunisema kuhusu bomba: nati iliyokazwa kistaarabu haihitaji bomba kufunguka.

Wa mwisho kugusa gurudumu lile ni fundi matairi. Mnawajua wanavyofanya. Nati inatumbukizwa kwenye soketi, mashine ya upepo inafyatuliwa, trrrrr, bila hata kuianzisha kwa vidole. Nati ikiingia upande inakula uzi, na mashine haina habari, inasukuma tu. Magari mengi madogo yanataka nguvu ya kukaza ya Newton-mita 100 hadi 120 hivi, kitabu cha gari kinasema. Mashine zile nyingi zinaweza kupita 500! Stadi ikikazwa inavutika kidogo, na mvuto huo ndio unaobana gurudumu. Ukiivuta kupita uwezo wake hairudi tena, inabaki dhaifu inakusubiri wewe.

Nimerudi kulalamika, najibiwa: "Bosi, zilizobaki zinatosha, tembea tu." Zinatosha vipi? Gurudumu linashikiliwa na mbano wa stadi zote kwa pamoja. Ikipungua moja, jirani zake zinabeba mzigo wake, na hao majirani wamekazwa na mkono uleule! Mwenzake akataka kuchomelea kipande kipya juu ya kisiki. Kuchomelea, jamani. Stadi hupewa ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Moto wa kuchomelea unaufuta ugumu huo papo hapo. Nikaondoka.

Nimeifanya mwenyewe. Kalipa, ile inayobana pedi za breki, nje (ifunge kwa waya, usiiache ining'inie kwenye paipu ya breki), diski nje, zungusha habu (kitovu kinachobeba stadi na gurudumu) mpaka upate upenyo kwa nyuma, nyundo, kisiki kikatoka. Stadi mpya nimeivuta kwa washa kadhaa (vile visahani vya chuma vyenye tundu) na nati ya zamani, upande bapa ukielekea kwenye washa, nikakaza taratibu mpaka meno yake yakakaa sawasawa kwenye habu. Wenye magari ya bolti zinazoingia moja kwa moja kwenye habu, poleni sana. Nyie mnatoboa kisiki katikati kabisa na kuingiza kitoa bolti chenye uzi wa kinyume, na nacho kikivunjikia humo ndani, mtaniambia.

Nati nyingine zote nimezilegeza na kuzikaza upya kwa mpangilio wa nyota (ukimaliza moja unarukia ya upande wa pili), na nitazipima tena nikishatembea kilomita 50 au zaidi kidogo.

Sasa nawauliza mafundi matairi mliomo humu: spana ya kupimia nguvu ya kukaza mnaiogopea nini? Na msiniletee habari za foleni ya wateja. Kuanzisha nati kwa vidole kunachukua sekunde ngapi?