Naombeni ushauri: nimtoe kijana huyu kwenye timu au nimvumilie?

Ligula Mkavu
Wakuu, habari za mchana. Nipo Mtwara mjini, naratibu mradi mdogo wa kupima mashamba ya korosho. Vijana wanazunguka shamba na simu, mipaka inaingia kwenye programu. Mashamba yenyewe hayanisumbui kama watu. Vijana sita wako Newala na Tandahimba. Wenzetu wanne wako Msumbiji, upande wa Mueda, lugha zao Kireno na Kimakonde. Programu anaitengeneza dada mmoja yuko Bengaluru, India. Bosi yuko Ujerumani. Kikao ni kila Jumatano, saa 10 jioni kwetu, saa 9 kwake, kwa Kiingereza ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa nacho.

Sasa wiki iliyopita kijana wangu mmoja kajibu kitu kikaoni, bosi kaelewa vingine, mambo yamekaa vibaya. Kijana ni mchapakazi ila Kiingereza kinampiga chenga. Nimtoe nitafute mwenye lugha? Usiku silali. Msinipige mawe.

Bibo Bichi
Pole mkuu. Kiingereza kimewatoa jasho wengi. Mimi kwenye usaili niliulizwa nijieleze, nikaanza na kijiji, nikaenda kwa babu, nilipofika kwa mjomba wakaniambia asante, tutakupigia. Mpaka leo nasubiri simu.

Mama Nanguruwe
Lugha ni jambo dogo, mwanangu, angalia namba. Nilifanya kazi na Wareno miaka miwili. Kireno kinatumia mkato pale sisi tunapoweka nukta, na Kijerumani vilevile. Mwenzangu aliniletea jedwali, shamba limeandikwa hekta 1,250. Kwake ni hekta moja na robo. Mimi nikasoma elfu moja mia mbili na hamsini, nikajiuliza mkulima gani huyu tajiri hivi Nanyumbu. Ripoti ilishatoka ndipo tukagundua. Angalia mafaili ya Mueda leo hii kabla hujamfukuza mtoto wa watu.

Mzee wa Mtambaswala
Mnahangaika na Kiingereza cha nini? Wamakonde wa ng'ambo na wa huku wanaelewana. Wao wanasema Shimakonde, sisi Chimakonde, mkikaa chini ya mwembe nusu saa mmeshazoeana. Na Kireno chenyewe tumekikopa siku nyingi: meza, leso, bendera. Kabla Daraja la Umoja halijafunguliwa mwaka 2010 tulikuwa tunavuka Ruvuma kwa mtumbwi, na biashara ilienda bila mkalimani. Kuna mwaka niliuza mbuzi wanne kule, nikalipwa kwa baiskeli mbili na redio...

Kaka Mikindani
Mzee, mbuzi tutawarudia. Mleta mada, umetuzungusha. Kijana kajibu NINI? Na bosi kaelewa nini? Huwezi kuomba ushauri wa jeraha ukiwa umelifunika na kanzu.

Ligula Mkavu
Sawa. Bosi aliuliza kwa Kiingereza, "Tandahimba hamjamaliza?" Kijana akajibu "ndiyo", kwa Kiingereza. Alijibu Kiswahili chetu kwa maneno ya Kizungu: ndiyo, hatujamaliza. Bosi akajua tumemaliza. Akafurahi, akaandika, akahamia Mueda.

Mama Nanguruwe
Mbona hapo hakuna kosa la kijana! Kwetu ukiulizwa "hujala?" ukaitika "ndiyo", maana yake hujala na sahani inaletwa. Mzungu akisikia ndiyo anajua umeshiba. Na wewe mratibu, wakati huo ulikuwa wapi?

Ligula Mkavu
Nilikuwepo kikaoni.

Kaka Mikindani
Ulisikia?

Ligula Mkavu
Nilisikia, kaka. Jamani nielezeni kwa upole. Nilitaka kusema, bosi akawa anaendelea kuongea, nikasema nitamwandikia baadaye. Mkataba wetu unalipa kwa awamu, na awamu ya pili ilikuwa inategemea Tandahimba. Hela ikaingia kabla sijaandika. Vijana walikuwa wanadai posho za miezi miwili, mmoja alishauza simu yake. Nikalipa. Imebaki kidogo sana.

Na msijifanye hamjui msimu. Mkulima sasa hivi anaokota korosho, anabeba gunia kwenda ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anasubiri mnada. Ukimwambia akuoneshe mpaka wa shamba anakutazama tu. Kwa hiyo nilifikiri nimtoe kijana, bosi akiuliza nimwambie aliyekosea ameshaondoka, huku tunamalizia polepole. Simuonei, nitamtafutia kazi sehemu nyingine.

Fundi wa Chikongola
Astaghfirullah. Kumbe ushauri ulishajipa mwenyewe, umekuja kutafuta mashahidi! Kijana amesema ukweli kwa lugha ya mama yake, wewe umenyamaza kwa lugha zote. Riziki haijengwi kwa mgongo wa mtoto wa mwenzio. Waulize waliokuwa wanafanya kangomba, walinunua korosho zikiwa bado maua mtini, leo wako wapi?

Bibo Bichi
Wengine wana maghorofa, Fundi.

Fundi wa Chikongola
Na usingizi wanao?

Msomaji wa Kimya
Wakuu, mnatoa machozi kwa chai. Hesabuni saa. Jamaa anasema kikao cha wiki iliyopita kilikuwa saa 10 kwetu na saa 9 Ujerumani. Leo ni katikati ya Novemba. Ujerumani wanarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatugusi saa. Tangu siku hiyo tumewazidi saa mbili, si moja. Saa 9 mchana kwao ni saa 11 jioni kwetu. Mtu anayeongoza kikao kila Jumatano hawezi kukosea hapo. Hakuna mradi, hakuna kijana, hakuna Mjerumani.

Bibo Bichi
Duh! Na mimi nilishamuonea huruma. Hii chai imewekwa hadi tangawizi.

Mzee wa Mtambaswala
Hata dada wa India nilimtilia shaka.

Kaka Mikindani
Mleta mada, jibu. Ukipotea hapa tunajua.

Ligula Mkavu
Sijapotea, nilitoka nje kupata hewa. Msomaji, saa umezijua sawasawa. Mradi upo. Nilichodanganya ni siku.

Kikao kile hakikuwa wiki iliyopita. Kilikuwa Oktoba, kabla saa zao hazijabadilika. Jumatano iliyofuata sisi tuliingia saa 10 kama kawaida, tukakaa peke yetu na mtu mmoja wa Mueda, tunaangaliana. Yule dada wa India alikuwa likizo ya Diwali. Saa 11 bosi akaingia, vijana wangu walishaondoka na mafuta ya pikipiki yameisha. Siku hiyo ningeweza kusema, nikanyamaza. Jumatano iliyofuata nikanyamaza tena. Niliandika "wiki iliyopita" kwa sababu nikisema Oktoba mtajua nimekaa na jambo hili wiki zote hizo. Niliona aibu.

Kijana mwenyewe hajui lolote. Jana kanitumia picha ya mipaka ya mashamba mawili aliyopima jioni baada ya wakulima kurudi kutoka ghalani. Mvua imeanza, kaifunga simu kwenye mfuko wa nailoni.

Msomaji wa Kimya
Sawa. Nafuta neno chai.

Mama Nanguruwe
Mwanangu, sikiliza. Leo hii usiandike, piga simu, barua ya namna hii ikisomwa na mgeni inaonekana kali kuliko ilivyo. Mwambie hela imeingia kabla ya kazi, na imelipa nini. Uwe na idadi ya vijiji mkononi. Mwambie pia kwa nini msimu unawachelewesha, maana yule anaona shamba kwenye kioo tu, haoni magunia. Halafu kikaoni acheni maswali ya ndiyo na hapana. Ulizaneni "vimebaki vijiji vingapi?" Mtu wa Mueda, wa Bengaluru na wa Newala wote watajibu kwa namba. Kikao kikiisha mmoja aandike yaliyokubaliwa, kila mtu asome kabla ya kulala. Na saa wekeni ya Mtwara, isiyohama.

Kaka Mikindani
Na kijana?

Ligula Mkavu
Kijana anabaki.

Fundi wa Chikongola
Piga sasa. Kule bado mchana.

Ligula Mkavu
Nimepiga. Alinyamaza mpaka nikadhani bando limekata. Nikamweleza lile "ndiyo" la kwetu, akaniomba nirudie mara mbili, nikasikia anaandika. Kuhusu hela kasema tutaongea Jumatano, na sauti haikuwa nzuri. Kisha akauliza vimebaki vijiji vingapi. Nikasema kumi na moja. Akataka majina. Nikaanza na Kitama, nikamtajia kimoja kimoja, yeye anarudia nyuma yangu anakosea, namrekebisha, hadi cha kumi na moja.

Kesho alfajiri nakamata gari la Tandahimba. Nimemwambia kijana anisubiri stendi, nina jambo la kumwambia kabla hatujaingia shambani.