Mtoto ana siko seli, naambiwa kuhesabu asilimia ni kukosa imani. Ni kweli?

Mama K
Shalom wapendwa, naombeni mawazo ila msinichape sana. Binti yangu ana miaka 4, ana siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, tulijua akiwa na miezi 9 alipovimba viganja na nyayo tukadhani ni baridi kumbe. Mi na baba yake wote AS, yaani kila mmoja kabeba kinasaba kimoja cha siko seli bila kuugua, na hatukuwa tunajua, kabla ya ndoa tulipima ukimwi tu basi, hili hata hakuna aliyelitaja. Sasa mume wangu anataka mtoto wa pili, daktari katuambia kila mimba ina asilimia 25 ya kuwa SS, yaani mtoto arithi kinasaba hicho kwetu wote wawili na augue, kiongozi wetu wa maombi naye anasema nikikaa nahesabu asilimia nishamfungia Mungu mlango.

Shida yangu kubwa labda sio hata hiyo. Mi ni mtu wa mahesabu kazini na nyumbani, nina daftari naandika kanywa maji vikombe vingapi, joto limefika ngapi, foliki asidi kameza saa ngapi, usiku naamka mara tatu kumpapasa paji la uso. Nimechoka jamani. Najiuliza hii ni akili au ni mimi nimekataa kumwachia Mungu mtoto wake?

Pangani Boy
Dada dawa usiache, hayo mengine tutajadili taratibu.

Mzee wa Maabara
Mama K hiyo 25 isikuchanganye, maana wengi wanadhani mmoja akishatoka SS basi watatu wanaofuata wamesalimika, sio hivyo, kila mimba inaanza upya kabisa kama kurusha shilingi. 25 AA (hana kinasaba hicho kabisa), 50 AS, 25 SS, kila mara. Kujua hivyo sio kumpangia Mungu, ni kujua nyumba yako ina milango mingapi.

Na sio laana ya ukoo kama nnavyosikiaga. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia hapo Kenya, alionyesha kwamba watoto wenye AS wanahimili malaria kali kuliko wenye AA, ndo maana imejaa kanda ya ziwa na pwani kwenye mbu wengi. Yaani kile kile kilichowaokoa mababu zetu na malaria, kikikutana viwili kwa mtoto mmoja kinamuumiza. Mi ni muumini na hili huwa linaninyamazisha, sina jibu lake.

Nuru ya Asubuhi
Wakuu mnamwamini darubini kuliko Aliyeumba hiyo damu. Mtoto wa dada yangu alikuwa SS, tukafunga siku 21, kapimwa tena katoka AS. Mungu habanwi na asilimia zenu.

Mzee wa Maabara
Nuru sikatai Mungu kuponya, ila nikuulize kitu kimoja, alipopimwa mara ya pili alikuwa ameongezewa damu miezi hiyo? Maana akiongezewa, kipimo kinasoma damu yake na ya aliyemchangia kwa pamoja, SS anaweza kuonekana kama AS mpaka hiyo damu ya mtu iishe, ni kama miezi mitatu hivi. Tafadhali apimwe tena kabla hamjamtoa kliniki. Muujiza wa kweli haupotei kwa kupimwa mara mbili.

Nuru ya Asubuhi
Aliongezewa ndio. Ntamuuliza dada ni lini.

Bibi Mstaafu
Mama K mwanangu, wangu ana miaka 26 na ni SS mpaka leo. Nami nilikuwa na daftari. Ndani kabisa nilikuwa naamini nikikosea kitu kimoja Mungu atanidai kupitia mtoto, hiyo ndo ilikuwa dini yangu ingawa kanisani naimba kwaya. Sasa mwaka mmoja nilifanya kila kitu sawasawa, maji, sweta, dawa, sijaruka hata siku moja, na bado akalazwa wiki mbili. Nililia kuliko siku zote kwa sababu sikuwa na kosa la kujilaumu. Pale kwenye benchi la wodini ndo nikaelewa Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke, haukutoka, akaambiwa "neema yangu yakutosha". Miaka yote nilikuwa nausoma huo mstari kama karipio.

Mfalme Hezekia naye alipougua aliomba, akaahidiwa miaka 15 kupitia nabii Isaya, halafu Isaya huyo huyo akasema leteni mkate wa tini muweke kwenye jipu. Hakuna aliyemwambia kakosa imani. Kwa hiyo maji mpe, kliniki nenda, na uulize haidroksiyurea, dawa ya siko seli, imempunguzia wangu maumivu sana. Ila hayo mengine ya kuamka mara tatu kupapasa mtoto asiye na homa, hebu mwachie Mungu na baba yake.

Pangani Boy
Bibi umenigusa, baba hapo ndo mhusika haswa.

Mama K
Asanteni, nimesoma huku nalia kwenye daladala watu wananiangalia. Kliniki ni Jumatatu, hiyo haidroksiyurea ntaiulizia. Jana daftari nimempa baba yake, kaandika vikombe viwili tu akasahau, nimejizuia nisiseme kitu. Mambo ya mtoto wa pili bado tunabishana.