IEBC ikibadili mitambo ya kusajili wapiga kura, gharama ya mabadiliko isimwangukie mwananchi

Wenzangu,

Kifungu 83(3) cha Katiba ya Kenya kinaagiza kwamba mipango ya kiutawala ya kusajili wapiga kura na kuendesha uchaguzi imrahisishie mwananchi anayestahiki, wala isimnyime haki yake ya kupiga kura. Nimefungua uzi huu kwa hasira, kwa sababu tangu Katiba hiyo ipitishwe mwaka 2010, kila namna ya kusajili inapobadilishwa, agizo hilo huwekwa kando na uzembe wa maofisini hugeuzwa kuwa adhabu ya mpiga kura. Sasa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) imetuingiza tena katika mabadiliko, safari hii ya kunasa mboni ya jicho iwe alama ya kumtambua mpiga kura, na uchaguzi wa Agosti 2027 hautatusubiri.

Yaliyotokea mwaka 2012 ndiyo ninayoyaogopa. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi wa 2007, ilikuwa imekwisha kueleza mwaka 2008 kwamba sajili iliyotumika katika uchaguzi huo ilijaa majina ya marehemu, huku ikiwaacha nje mamilioni ya watu waliostahiki kuwamo. Usajili wa kielektroniki ulijaribiwa mwaka 2010 katika maeneobunge 18. Muda wa kujiandaa ulikuwepo. Hata hivyo zabuni ya mashine za kunasa alama za vidole na picha iligubikwa na mivutano hadi IEBC ikaifuta, serikali ikaingilia kati na kuagiza mashine 15,000 kwa mkataba na serikali ya Kanada, na usajili wenyewe ukaja kufanyika kuanzia tarehe 19 Novemba hadi tarehe 18 Desemba 2012. Siku 30 kwa nchi nzima! Lengo lilikuwa watu milioni 18, wakaandikishwa takriban milioni 14.3. Miezi iliyopotea katika zabuni ilikatwa kwenye muda wa mwananchi, na sijasikia kwamba aliyeipoteza alipungukiwa na chochote.

Ilipofika tarehe 4 Machi 2013, siku ya kura, vifaa vya kuwatambua wapiga kura viligoma katika vituo vingi. Kompyuta ziliishiwa na chaji katika madarasa yasiyo na umeme, na makarani wakarudi kwenye sajili ya karatasi. Katika kesi iliyofuata ya kupinga matokeo ya urais mbele ya Mahakama ya Juu, ilibainika kwamba sajili yenyewe haikuwa moja: palikuwa na ya kielektroniki, palikuwa na orodha maalumu ya watu 36,236 ambao alama zao hazikunaswa, na palikuwa na kitabu cha kijani kilichoandikwa kwa mkono. Mahakama iliridhika na maelezo ya IEBC. Mimi sikuridhika, na mpaka leo naona kwamba mpiga kura alistahili kujua kabla ya siku ya kura ni kitabu kipi kingeamua kama jina lake limo.

Sasa tuizungumzie mboni. Siipingi hata kidogo, kwa maana sababu iliyotolewa ni ya haki: wako Wakenya wengi ambao kazi za mikono zimewafuta alama za vidole, wakata mkonge, wachimba mawe, akina mama waliolima maisha yao yote, na mashine huwakataa mbele ya majirani zao kana kwamba wamekuja kuiba. Lakini wapiga kura zaidi ya milioni 22 waliokuwa kwenye sajili ya 2022 waliandikishwa bila mboni. Wanaosajiliwa sasa kwa mara ya kwanza ni vijana ambao vidole vyao bado ni vizima. Ina maana kwamba yule mzee ambaye kwa ajili yake teknolojia hii imeletwa ndiye ambaye mboni yake haimo, na haitakuwamo asipotafutwa na kufuatwa alipo. Kumwambia aende ofisini mwenyewe akipenda si mpango, ni kumtupia mzigo.

Na ofisi yenyewe iko wapi? Usajili endelevu, yaani ule usiofungwa na msimu, ulipoanza tena tarehe 29 Septemba 2025, baada ya Tume kukaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, ulifanyika hasa katika ofisi za maeneobunge. Mtu wa Illeret, mpakani na Ethiopia, yumo katika eneobunge la North Horr, ambalo ni kubwa kuliko baadhi ya kaunti zetu. Atalipa nauli kiasi gani, na mifugo atamwachia nani? Usajili wa wadi kwa wadi huja kwa majuma machache na kuondoka. Mnamo Oktoba na Novemba 2021 ulilenga watu milioni sita ukapata takriban milioni moja na nusu, kisha lawama zikaelekezwa kwa vijana kwamba hawajali nchi yao. Kijana asiye na kitambulisho hasajiliwi, hata ajali namna gani, na utoaji wa vitambulisho nao baadaye uliingia katika mabadiliko yake ya Maisha Namba, mfumo mpya wa vitambulisho, yaliyosimamishwa kwa muda na Mahakama Kuu Desemba 2023.

Naitaka Tume iseme kwa maandishi, wala si kwa matamshi ya mikutano ya wanahabari, ni lini na wapi wapiga kura wa zamani watanaswa mboni bila kulipa nauli ya mbali. Iseme karani atafanya nini mashine ikikataa vidole vya mtu ambaye mboni yake haimo, na ni sajili ipi itakayokuwa na kauli ya mwisho. Ratiba ya ununuzi wa vifaa nayo ichapishwe ikiwa na tarehe, ili zabuni ikichelewa tujue ni nani aliyeichelewesha, na siku zilizopotea ziongezwe kwenye muda wa kusajili badala ya kupunguzwa humo.