Binti anataka Sheria: achukue Historia na masomo gani kidato cha tano (S5)?

Mama wa Jinja
Habari zenu wapendwa. Binti yangu kamaliza S4 (kidato cha nne) hapa Uganda, anataka Sheria Chuo Kikuu cha Makerere. Shule inampa kuchagua: Historia, Uchumi na Jiografia, au Historia, Fasihi na Kiswahili. Baba yake anasema bila Uchumi hakuna uwakili. Mtoto Kiswahili anakiweza sana, ila ramani zinamtesa. Nishaurini, wiki ijayo anajaza fomu.

Mwalimu, Mbale
Hongera mama. Historia abaki nayo. Mengine yaamuliwe na alama atakazopata, si sifa ya somo. Kwa Sheria, Makerere imekuwa ikichukua masomo mawili aliyofaulu zaidi, yoyote yale, ikazidisha pointi zake mara 3, na za somo la tatu mara 2. A ni pointi 6, C ni 4. Basi akipata C pale ambapo angepata A, anaweza kupoteza pointi 6, na zile 1.5 wanazoongezewa wasichana hazizibi pengo hilo. Chuo pia kimekuwa na mtihani wake wa kuingilia Sheria.

Kinachoniuma ni Historia kusomwa kama hadithi. Swali la karatasi ya Historia ya Ulaya linauliza matatizo ya fedha yalichangia kiasi gani Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Mwanafunzi anamsimulia Louis wa 16 mpaka anakatwa kichwa, kurasa nne, swali hajaligusa! Anayejibu hutaja madeni ya kusaidia vita vya uhuru wa Marekani, na mavuno mabaya ya 1788 yaliyopandisha bei ya mkate, kisha anapima: je, hayo yangetosha kama tabaka la tatu (watu wa kawaida, wasio makasisi wala makabaila) lisingebebeshwa kodi huku likinyimwa sauti? Kupima hivyo ndiko atakakofanya mahakamani. Aandike insha moja kila wiki, asitazame daftari, ampe mwalimu asahihishe. Asingoje S6, maana S5 huanza muhula ukiwa umeshaanza kitambo.

Mwanasheria mtarajiwa, Kampala
Namuunga mkono mwalimu. Darasani kwetu wapo waliosoma hata Fizikia. Ila akibadili nia aende Uchumi au biashara, hapo baba ana hoja. Mwulizeni mtoto vizuri.

Mama wa Jinja
Asanteni sana. Kwenye Sheria hayumbi. Hofu yangu ni kwamba Kiswahili pale kina mwalimu mmoja tu.

Mwalimu, Mbale
Nenda uombe matokeo ya shule hiyo ya Kiswahili katika UACE (mtihani wa taifa wa mwisho wa S6) ya miaka mitatu. Ukikuta hakuna A hata moja, tafuta sasa hivi shule nyingine yenye masomo hayo hayo.