Madimbwi mawili jirani, wadudu tofauti kabisa. Kwa nini?

chota_uone: Habari wakuu. Kuna madimbwi mawili yako karibu karibu, hatua chache tu, mvua ileile udongo uleule. Moja nikipitisha kichujio napata watoto wa kereng'ende, mbawakawa wa maji, wale wadudu wanaoogelea chali, yaani kila aina. La pili ni viluwiluwi wa mbu na viminyoo vyekundu kwenye tope, basi. Inakuwaje?

mbawakawa_mweusi: Mkuu kwanza hilo la pili huwa linakauka? Hiyo ndo inaamua mengi. Mbu maji yakiwa ya joto ndani ya wiki moja mbili kashamaliza anaruka zake, ila kereng'ende wengi wanakaa majini miezi, wengine mwaka na zaidi, sasa dimbwi likikauka kabla hajaota mabawa imekula kwake. Na samaki je, wapo?

chota_uone: Halikauki, samaki hamna. Ila liko chini ya miti minene, majani yanadondokea humo na maji yananuka ka mayai viza.

tope_tupu: Si umeshajijibu 😂 Majani yakioza bakteria wanamaliza oksijeni. Hao wekundu ni lava, yaani watoto, wa usubi wasiouma, wekundu wenyewe ni himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu yetu, inawasaidia kunasa hako kaoksijeni kalikobaki. Mbu yeye ananing'inia kichwa chini, kijibomba chake cha nyuma kinagusa hewa juu, maji yakinuka hayamhusu. Mtoto wa kereng'ende anategemea oksijeni iliyo ndani ya maji so ndo anaumia.

mbawakawa_mweusi: Sawa lakini hiyo haielezi mbawakawa, maana nao wanabeba hewa chini ya mabawa, wanapanda juu kuchukua nyingine wanashuka. Mi nalaumu kivuli. Wadudu wengi wa maji wakiwa angani wanatambua dimbwi kwa mng'ao wa mwanga unaorudi kutoka kwenye maji, sasa lililofunikwa na miti watalionaje? Halafu bila jua mimea ya majini haioti, hakuna pa kujificha wala pa kutagia. Na wawindaji wasipokuja mbu wanajinafasi tu.

Ukitaka kujaribu punguza matawi upande mmoja, zoa majani, subiri msimu upite. Samaki usitie hata wakikushauri, watakula mbu sawa, ila na hao wadudu wakubwa unaowataka ndo wa kwanza kuliwa.