Miradi 2 ya usiku, umeme unakatika, git imeharibika, nikirudi nimesahau nilipoishia. Naomba mbinu

KeteYaUsiku

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Dar, naandika programu za ofisini saa 2 asubuhi hadi 11 jioni. Usiku nina miradi 2 ya kwangu: mchezo wa bao la Kiswahili kwa Godot 4 (programu ya kutengenezea michezo), na programu ya Python inayochora kanga (pindo, mji na jina) kuwa faili za SVG. Natumia Linux.

Juzi umeme ulikatika nikiwa katikati ya kukomiti (kuhifadhi hatua ya kazi kwenye git, programu inayotunza historia ya msimbo), na betri ya laptopu inashika dakika 10 tu. Sasa kila amri ya git inajibu hivi:

`error: object file .git/objects/3f/… is empty`
`fatal: loose object 3f… is corrupt`

Faili zenyewe zinafunguka vizuri. Nakala ya mtandaoni ni ya wiki 3 nyuma kwa sababu ya bando. Naomba kujuzwa mambo 3: naiokoaje ripo (folda ya mradi pamoja na historia yake), nijipangeje kwa umeme bila gharama kubwa, na mtoto akiugua au ukatokea msiba wiki 2 zikapita, narudije kwenye mradi bila kupoteza siku 3 nikitafuta nilipoishia?

mzizi_wa_terminali

Pole mkuu. Usiifute ripo, na usiendeshe `git gc` (usafishaji wa ripo) kwa sasa. Kazi yako ipo. Kilichokufa kwa kawaida ni komiti ile ya mwisho tu.

Anza kwa kunakili folda nzima, ili ukikosea urudi ulipo:

`cp -a bao bao-nakala`

Ingia kwenye `bao`, ondoa faili tupu. Zina baiti 0, hakuna unachopoteza humo:

`find .git/objects -type f -empty -delete`
`find .git/refs -type f -empty -delete`

Mstari wa pili wengi huusahau. Faili ya tawi, mfano `.git/refs/heads/main`, nayo huwa tupu baada ya umeme kukatika, na ikibaki hivyo git itakataa kuiandika upya. Kisha soma kumbukumbu:

`tail -n 2 .git/logs/HEAD`

Kila mstari unaanza na namba 2 ndefu: ya kwanza ni komiti ya kabla, ya pili ni iliyofuata. Mstari wa mwisho ndio uliokatiwa umeme, kwa hiyo chukua namba yake ya KWANZA. Mstari huo ukiwa na takataka, chukua namba ya pili ya mstari wa juu yake. Halafu:

`git update-ref HEAD <namba>`
`rm .git/index`
`git reset`
`git fsck --full`

Zingatia kwamba hiyo `git reset` haina `--hard`. Ukiweka `--hard` umefuta kazi ya jioni nzima kwa mkono wako. Ikiwa tupu inajenga faharasa (orodha ya faili za kukomiti) upya na kuacha faili zako kama zilivyo, kisha unakomiti tena. Kama `fsck` (ukaguzi wa uzima wa ripo) bado inalalamika kuhusu vitu vya zamani ambavyo mtandaoni vipo, tumia `git fetch --refetch` (git 2.36 kwenda juu). Fetch ya kawaida haivileti, kwa sababu inaamini tayari unavyo.

Chanzo cha tatizo ni kwamba git kwa kawaida hailazimishi diski kuandika vitu vidogo vidogo papo hapo. Jina la faili linatangulia, maudhui yanabaki kwenye kumbukumbu, umeme unakatika, unabaki na jina tupu. Toleo hilohilo la 2.36, la mwaka 2022, lilileta mpangilio huu:

`git config --global core.fsync committed`

Kukomiti kutachelewa kidogo sana. Kwa mtu anayekatikiwa umeme, huo si ucheleweshaji wa kuogopa.

Kuhusu nakala: usingoje bando. Weka ripo ya pili kwenye flashi:

`git init --bare /media/flashi/bao.git`
`git remote add flashi /media/flashi/bao.git`
`git push flashi --all`

Kabla ya kuichomoa, andika `sync` usubiri terminali irudi tayari kupokea amri. Flashi mpya ipime kwanza kwa `f3write` na `f3read`. Zipo zinazojitangaza kuwa na GB 64 wakati ndani ni GB 8. Zinapokea faili bila kulalamika, na unagundua siku unayozihitaji.

Bando nalo: msimbo wa maandishi ni mwepesi mno, kusukuma kazi ya jioni moja mara nyingi ni KB kadhaa tu. Kinachokula bando ni vitu visivyotakiwa kuwemo. Folda ya `.godot/` iandike kwenye `.gitignore` (orodha ya vitu ambavyo git iviruke), inajijenga yenyewe. Sauti za WAV: dakika 1 ya stereo ya biti 16, kHz 44.1, ni karibu MB 10.6. Geuza kuwa OGG kabla ya kukomiti, maana ikishaingia kwenye historia, kuifuta faili hakupunguzi uzito wa ripo. Na ukivuta ripo kubwa ya mtu mwingine, `git clone` ikikatika inaanza upya kutoka mwanzo. Vuta kwa `--depth 1`, kisha ongeza historia kidogo kidogo kwa `git fetch --deepen=50`.

FundiVolti

Nakuja kwenye umeme, maana hapo wengi hununua kwa kukisia.

Pima kwanza. Chomoa chaja, fanya kazi kama kawaida, kisha:

`upower -i $(upower -e | grep BAT)`

Soma `energy-rate`: hizo ndizo wati unazotumia kweli. Chaja ikiandikwa 65W haina maana laptopu inakula 65W muda wote. Kwa kuandika msimbo, nyingi hukaa kati ya 10 na 25. Hapohapo linganisha `energy-full` na `energy-full-design`. Ya kwanza ikiwa chini ya nusu ya pili, betri imechoka, na kuibadilisha ndiyo njia rahisi kuliko zote. Kama kigusio cha kipanya kimeinuka au kifuniko cha chini kimebinuka, betri imevimba: acha kuitumia leo, usiitoboe wala kuikandamiza.

Kama laptopu yako inachajiwa kwa USB-C, pawabanki inakutosha. Mtego uko kwenye hesabu. mAh 20000 zinahesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, si kwa volti 20 zinazoingia kwenye laptopu. Kwa hiyo ni 20 × 3.7 = Wh 74, na baada ya upotevu unabaki na kama Wh 60. Kwa laptopu ya 20W ni saa 3. Angalia pia iandikwe PD (Power Delivery, chaji ya nguvu kubwa kwa USB-C) 45W au 65W. Ya 22.5W ni ya simu. Ukiichomeka kwenye laptopu itakataa, au itachaji polepole kuliko matumizi.

Ukitaka usiku mzima pamoja na rauta na taa: betri ya asidi ya 12V 100Ah ni Wh 1200, lakini usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu Wh 600. Inveta inakula kama 15%, zinabaki 510. Laptopu 45W, rauta 10W, taa 9W, jumla 64W. 510 ÷ 64 ni karibu saa 8. Inveta ya 300W ikibebeshwa yote inavuta karibu ampea 30 kutoka kwenye betri, basi weka fyuzi ya 40A karibu kabisa na nguzo chanya, na nyaya za mm² 10 zisizozidi mita 1. Nyaya nyembamba zinapata moto na inveta inalia betri imekwisha kumbe imejaa. Chaja ya 10A inatosha. Betri ya asidi ikiachwa tupu siku kadhaa inaganda salfeti kwenye sahani na haipokei tena chaji kama mwanzo, hivyo umeme ukirudi tu, ichaji.

Rauta peke yake inaendeshwa na betri ndogo ya 12V 7Ah kwa saa 3 hadi 4. Pitishia kidhibiti volti cha 12V katikati, kwa sababu betri inapochajiwa hupanda mpaka volti 14.4 na si kila rauta inavumilia.

Umeme ukirudi, ngoja dakika 3 hadi 5 ndipo uchomeke. Ule wa sekunde za kwanza hupanda na kushuka.

Kwa leo, kabla hujanunua chochote: fungua `/etc/UPower/UPower.conf`, weka `PercentageLow=30`, `PercentageCritical=25`, `PercentageAction=20` na `CriticalPowerAction=PowerOff`, kisha anzisha upya huduma ya upower. Betri iliyochoka hudanganya asilimia, inaruka kutoka 15 hadi 0, ndiyo maana mashine inazimika ghafla badala ya kujifunga. Hakikisha namba 3 zinashuka kwa mpangilio huo, la sivyo mfumo unazipuuza zote na kurudi kwenye za mwanzo.

ShangaziWaMsimbo

Mwanangu, mtoto akiugua mradi usubiri, na usiuone umeshindwa kwa hilo. La kufanya ni kuujenga ukiwa unakatika vizuri.

Tenganisha sheria za bao na uchoraji. Sheria zikae kwenye faili moja ya GDScript (lugha ya Godot) isiyojua rangi wala picha, na majaribio yake yaendeshwe bila dirisha:

`godot --headless -s majaribio/bao.gd`

(Faili hiyo ianze na `extends SceneTree`, na mwishoni iite `quit()`.) Hapo dakika 25 zinatosha kumaliza jambo moja. Jaribio la kwanza ni hesabu: kete ubaoni pamoja na zilizo mikononi ziwe 64 kila baada ya hatua. Mwanzo wa namua (awamu ya kuingiza kete kutoka mkononi) kila mchezaji ana 6 kwenye nyumba (shimo lake kuu), 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi. 20 za ubaoni na 44 za mikononi, 64. Siku ukirudi baada ya msiba, jaribio hilo likipita unajua ubao ni mzima, unaendelea.

Jaribio la pili ni kimbi. Ukila kwenye kichwa (shimo la mwisho la safu ya mbele) au kimbi (shimo la pili kutoka mwisho) cha kushoto, kete zinaanzia kichwa cha kushoto, hata kama mwelekeo ulikuwa mwingine. Makosa mengi ya programu za bao yamejificha hapo.

La tatu linagandisha simu za watu: katika bao upo mzunguko usiolala kamwe, kete zinazunguka milele bila ya mwisho kudondokea shimo tupu. `while` yako haitatoka. Kila unapochota, hifadhi hali nzima (mashimo yote 32, shimo ulipo, mwelekeo). Hali ileile ikijirudia ndani ya zamu moja bila mchezaji kuamua chochote katikati, simamisha na amua matokeo kwa kanuni yako mwenyewe.

Kuhusu kumbukumbu, weka faili `SASA.md` juu kabisa ya mradi. Mistari 3, iandikwe kabla ya kufunga na si kesho yake:

*Nilipoishia: kula() kimbi kushoto ni sawa, kimbi kulia bado.*
*Kinachofuata: jaribio la kimbi kulia, kete 3, majaribio/bao.gd mstari wa 88.*
*Usiguse: uchoraji wa nyumba, unasubiri sheria.*

Mstari wa pili ndio wenye kazi. «Endelea na sheria» haumsaidii mtu aliyechoka. Namba ya mstari na idadi ya kete zinamsaidia. Kisha komiti kila kitu hata kikiwa hakijakamilika, kwenye tawi la kazi. Usitumie `git stash` kuhifadhi kazi ya jioni: haiendi na push, na flashi haitakuwa nayo.

Miradi 2 kwa usiku huohuo ni mingi. Ulaze mmoja rasmi. Kanga ilaze hivi: README yenye toleo la Python, `pip freeze > mahitaji.txt`, amri moja inayotoa SVG moja, na picha ya matokeo yake. Bandika lebo kwa `git tag`, sukuma. Au pindo zake zitumie kama mapambo ya ukingo wa ubao wa bao, utakuwa umeitumia bila kuiendeleza.

Na kwenye mipangilio ya mradi wa Godot washa `application/run/low_processor_mode`. Ubao hauna haja ya kuchorwa mara 60 kwa sekunde kete zikiwa zimetulia. Betri yako na za wachezaji zitapumua.

KeteYaUsiku

Shukrani sana wakuu. Ripo imerudi, imepotea komiti 1 tu na faili zake zote zipo. Namba nilizipata kwenye mstari wa pili kutoka mwisho, wa mwisho ulikuwa na alama za ajabu.

Swali moja: flashi ni exFAT (aina ya mfumo wa faili). Nikisukuma napata `detected dubious ownership in repository`. Niiformati?

mzizi_wa_terminali

Si lazima. exFAT haihifadhi mmiliki wa faili, kwa hiyo git inaona folda si yako na inakataa kwa usalama. Iambie unaiamini njia hiyo peke yake:

`git config --global --add safe.directory /media/flashi/bao.git`

Usiweke nyota `*` mahali pa njia kama baadhi wanavyoshauri, utakuwa umeziruhusu zote. Kama flashi hutumii kwenye Windows, ext4 ni bora zaidi: ina kumbukumbu ya mabadiliko (journal) inayosaidia mfumo wa faili usivurugike umeme ukikatika, exFAT haina. Ila nakili vilivyomo kwanza, `mkfs.ext4` inafuta vyote. Na angalia jina la diski kwa `lsblk` mara 2 kabla ya kubonyeza.