Ulinganisho: Facebook, iNaturalist, eBird au WhatsApp kwa mwenye chaneli ya ndege?

Kwarara_Tegeta
Wakuu, habari za jioni. Nina chaneli ya YouTube ya ndege, naongea Kiswahili, nyingi ni video fupifupi za msitu wa Pugu na mashamba ya chumvi Kunduchi. Kulipia matangazo sitaki tena, unapata likes za watu wasiorudi. Nataka nijichanganye na wapenzi wenzangu wa ndege mpaka wanifahamu. Nafasi yangu ni jioni baada ya kazi, kwa hiyo zote nne siziwezi. Ipi inaleta watu wanaobaki? Tafadhali msinijibu "inategemea".

mpiga_picha_kando
Facebook, bila kusita. Kwenye makundi ya ndege kila siku kuna anayeuliza "huyu nani jamani?" Hapo ndipo pako. Ila usitupe jina ukaondoka. Juzi mtu kaweka mnana wa manjano mwenye uso mweusi, wakamiminika kubishana. Mmoja akaandika: tazama jicho. Likiwa jekundu na ndege ni mnene, ni *Ploceus cucullatus*. Likiwa jeupe na ndege mdogo, ni *Ploceus intermedius*. Ubishi ukaisha, na watu wakaanza kumtag kwenye picha nyingine. Mtu wa namna hiyo lazima ubonyeze jina lake uone ni nani. Link ya chaneli iache kwenye profile, ukiibandika kwenye kundi admin anafuta.

DadaChiriku
Naongea kutoka Nairobi. Facebook jibu lako zuri kesho limezama, na wiki ijayo mwingine anauliza mnana yuleyule. iNaturalist, tovuti ya kuweka picha za viumbe ili watu wavitambue, jibu linakaa. Ukimtambulia mtu ndege wake anapata taarifa yenye jina lako, na picha haifiki daraja la utafiti (ile ngazi ya kuaminika kwa watafiti) mpaka watambuzi wasiopungua wawili wakubaliane, na wakiwa wengi, zaidi ya theluthi mbili. Maana yake mchango wako unahitajika kweli, huombi kusikilizwa. Chukua kundi moja tu la ndege, mfano hao minana, utambue picha za Tanzania na Kenya kila jioni. Utaona majina yaleyale yanaanza kukufuata.

mzee_wa_orodha
eBird iondoe kwenye shindano. Naitumia sana, lakini ni daftari, si kijiwe. Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani waliianzisha 2002 kukusanya orodha za ndege, hakuna pa kupigia soga. Hata Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, ni hivyohivyo: unashika pentadi yako, yaani kipande cha ramani kama kilomita 9 kwa 9, unazunguka angalau saa mbili ukiandika kila ndege. Kazi tamu, na itakupa mada za video mwaka mzima. Watazamaji haikupi.

Pwani_Tupu
Dada Chiriku, nakuheshimu, lakini hao wa iNaturalist ni akina nani? Watafiti, watalii, wastaafu wa Ulaya wenye kamera za bei ya kiwanja. Watampa heshima, sawa. Watakaa wasikilize dakika kumi za Kiswahili? Watu wake wako WhatsApp: waongoza watalii, wanafunzi wa vyuo vya wanyamapori, walimu. Grupu haliwezi kuzidi watu 1,024, ni kweli, ila muongoza watalii akiipenda video ya milio ya ndege anaisambaza kwa wenzake wote kabla ya msimu. Ingia, sikiliza wanakwama wapi, jibu kwa voice note. Ukianza na link, unatolewa siku hiyohiyo.

Halafu swali: lengo ni hela? Maana YouTube mgawo wa matangazo unataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na saa za Shorts, zile video fupifupi, hazihesabiwi humo. Kwa Shorts peke yake unatakiwa uangaliwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kwa mnana wa Kunduchi? Tengeneza video ndefu, mdogo wangu.

DadaChiriku
Kwenye lugha umenishika, nakubali. Lakini muongoza watalii akigundua umetaja ndege siye, umekwisha. iNaturalist ndipo utakaposahihishwa kabla hujarekodi.

Bundi_wa_Gede
Niongeze ambalo hamjaligusa. Popote utakapokwenda, usitaje kiota. Huku kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, tuna kabundi kanakopatikana sehemu chache sana, mfano hapa na kwenye vilima vya chini vya Usambara. Mtu akitaja mti, kesho wamejaa na spika wanamchezea mlio wake mpaka ndege anaacha kulala mchana. iNaturalist huficha mahali penyewe kwa viumbe walio hatarini, WhatsApp na Facebook hakifichwi kitu. Sisi waongozaji tukijua wewe ndiye uliyetoa siri, hatukuiti tena porini, hata uwe na wafuatiliaji laki.

mpiga_picha_kando
Kweli kabisa. Kuna jamaa simtaji, kila mtu anamkwepa kwa sababu hiyo.

Kwarara_Tegeta
Nimewasoma. Hela ndiyo, ila si leo. Shorts napunguza. Naanza na iNaturalist kwa minana peke yake, na WhatsApp ya waongoza watalii kama kuna wa kuniingiza. Facebook nitapita pale penye ubishi tu.

Pwani_Tupu
Njoo PM nikuunganishe. Kuna wenzangu wanakwenda Pugu Jumamosi, saa 12 asubuhi wameshafika. Vaa viatu vya matope, na siku ya kwanza usiitaje chaneli mpaka wakuulize.